Shangazi Anajibu: Kichwa cha Mtoto Siku ya Picha Shuleni

Barua nyingi zilizoingia safari hii zinahusu jambo moja: mtoto anakwenda kupigwa picha shuleni, na mzazi hajui akifanyie nini kichwa chake. Nimechagua tano. Zilizobaki zinauliza yaleyale kwa maneno mengine, na wenye nazo nadhani watajikuta humu.

Shikamoo Shangazi. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu wa miaka 7 kwa msusi jioni ya kuamkia siku ya picha, ili nywele zionekane mpya. Alisukwa misuko midogo midogo iliyobana sana. Usiku kucha hakulala, na picha ilipokuja alionekana kama mtu aliyeshtuliwa, nyusi zimepanda juu. Siku chache baadaye akatoka vipele kwenye panja. Mwaka huu nimsuke lini, na msuko gani? — Mama wa mtoto wa darasa la pili

Marahaba, mwanangu. Hizo nyusi zilizopanda hazikutoka kwa mpiga picha. Nywele za panja na za paji la uso zikivutwa kwa nguvu, huvuta na ngozi iliyo chini yake, na mtoto anayejitahidi kutabasamu huku ngozi inavutwa kwenda nyuma hutoa sura ambayo hata mama yake haitambui.

Vipele ndivyo vinavyonishughulisha zaidi kuliko picha. Ni dalili kwamba mashina ya nywele yameumizwa na mvuto, na mvuto huo ukirudiwa mwaka baada ya mwaka, nywele za pembezoni hukonda, kisha hukatika, na mwishowe shina hufa na pale pakabaki upara ambao hakuna mafuta yatakayouotesha tena. Habari njema ni kwamba mapema namna hii, mvuto ukikoma, nywele kwa kawaida hurudi. Kwa hiyo mwaka huu zile nywele laini za malaika zilizo ukingoni mwa paji ziacheni kabisa nje ya msuko. Mwambie msusi aanze nyuma yake kidogo, na ukiona vipele havijapona au vina usaha, mpeleke mtoto akaonwe na daktari kabla ya kufikiria kusuka chochote.

Msuke siku mbili au tatu kabla. Sisemi hivyo ili maumivu yapate muda wa kuisha, kama wengi wanavyodhani, kwa sababu msuko unaouma haukupaswa kuuma tangu mwanzo. Nasema hivyo ili uwe na nafasi ya kufumua na kurudia. Mtoto akishuka kwenye kigoda, mwambie afumbe macho kwa nguvu, kisha apandishe nyusi na kuzishusha. Akishindwa, au akikunja uso, au ukiona ngozi kwenye mashina imeinuka kama ya kuku aliyenyonyolewa, fumua mistari ya mbele hapohapo, mbele ya msusi, bila kuona haya. Nimekaa na wasusi miaka mingi na sijaona hata mmoja aliyekufa kwa kuombwa alegeze. Na wale wanaompa mtoto kidonge cha maumivu ili avumilie, naomba waache: maumivu ndiyo yanayotuambia kwamba shina linang'olewa.

Kuhusu msuko, kumbuka kwamba kamera ya shule humwona mtoto kwa mbele, kuanzia kifuani kwenda juu. Ufundi wote ulioko kisogoni hautaonekana. Kinachoonekana ni ukingo wa nywele, njia zilizochanuliwa, na kile kinachoning'inia mabegani. Mistari sita au minane minene inayokwenda nyuma, njia zake zikiwa zimenyooka, hupendeza kwenye picha kuliko misuko sitini ambayo mtoto aliikalia saa tano akilia. Njia ya kati ipimwe kwa ncha ya pua na si kwa kukisia kutoka utosini, maana msusi anayesimama nyuma ya mtoto huona kichwa kimenyooka hata kama kimeinama. Shanga mbili tatu kwenye ncha hazina neno. Zikiwa nyingi huwa mzigo, na mzigo huo unabebwa na shina lilelile lililokwisha kuumizwa.

Shangazi, habari za kazi. Mke wangu yuko safarini na siku ya picha ni wiki ijayo. Binti yetu ana miaka 6, nywele zake ni za kipilipili, nyingi na nzito. Sijui kusuka. Asubuhi huwa tuna dakika 20 tu kabla ya kutoka. Nifanyeje nisimwaibishe? — Baba anayejifunza

Nzuri, ndugu yangu. Dakika 20 hazitoshi, na hata mama yake asingeziweza. Kazi yote ifanyike jioni, na asubuhi ibaki ya kumalizia tu.

Muoshe kichwa kwa shampuu, kisha mpake kondishena nyingi na usiisuuze haraka. Gawa nywele mafungu manne na ufunge matatu yasikusumbue. Chukua chanuo lenye meno mapana, ushike fungu kwa mkono wa kushoto karibu na kichwa, na uanze kuchana kutoka kwenye ncha. Ncha ikilainika, panda juu kidogo, na tena juu kidogo, hadi ufike kwenye shina. Ule mkono wa kushoto ndio siri ya kazi yote: chanuo likikwama kwenye fundo, mvuto unaishia kwenye kiganja chako na haufiki kwenye ngozi ya mtoto. Anayeanza kuchana kutoka shinani kwenda chini hukusanya mafundo yote mahali pamoja, halafu akashangaa kwa nini mtoto anakimbia akiona kitana.

Suuza, kausha kwa kukandamiza taulo bila kusugua, na kila fungu uligawe vipande vitatu au vinne vya kusokota. Kusokota hakuhitaji ujuzi wa kusuka: unagawa kipande nyuzi mbili na kuzizungusha moja juu ya nyingine hadi mwisho. Mfunge kitambaa laini cha satini, kwa sababu pamba hunyonya unyevu na kusuguana na nywele usiku mzima, kisha alale. Nywele hushika umbo zinalokaukia, hivyo asubuhi ukifungua misokoto utazikuta zimenyooka kidogo na zina mawimbi. Usiziguse kwa maji sasa. Ukizilowesha zitajikunja na kurudi fupi mbele ya macho yako, na hutakuwa na muda wa kuanza upya.

Gawa kichwa kwa njia moja kutoka paji hadi kisogo na ufunge mafungu mawili, moja kila upande, kwa vibanio vilivyovishwa kitambaa. Mpira mtupu wa kufungia karatasi hukata nywele na utaung'oa na nusu ya fungu. Njia ikikupinda mkononi, na mara ya kwanza itakupinda, usihangaike kuinyoosha. Ipindishe zaidi kwa makusudi, nyokanyoka kutoka mbele hadi nyuma, na watu watadhani ndivyo ulivyokusudia. Mafuta yawe tone dogo, uyasugue viganjani kwanza hadi ving'ae tu. Kisha umfute paji la uso kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa paji lenye mafuta hurudisha mwanga wa kamera na kuacha bato jeupe katikati ya uso.

Jaribu haya yote mwishoni mwa wiki hii, siku ambayo hakuna anayekwenda popote.

Shangazi, mwanangu ana nywele za singa. Jana alichukua mkasi akajikatia za mbele, upande mmoja zimebaki kama vidole viwili tu. Picha ni baada ya siku 5. Je, zitakuwa zimeota? — Mama aliyechoka

Hazitakuwa zimeota, dada yangu. Nywele za kichwani hukua kiasi cha sentimita moja na kitu kwa mwezi, kwa hiyo siku 5 hazitaongeza hata milimita 2.

Usijaribu kusawazisha ule upande mwingine ili ulingane, maana hapo ndipo mama wengi walipomaliza kazi ambayo mtoto aliianza. Hamisha njia upande wa pili, ulaze nywele ndefu juu ya zile fupi, na uzibane kwa klipu ndogo iliyo karibu na sikio. Ikiwa lazima zikatwe, zikatwe zikiwa kavu: nywele mbichi huvutika na kuonekana ndefu, zikikauka zinaruka juu na unabaki na ufupi usioutaka. Zikiwa zinapepea kwa ukavu wa hewa, pitisha viganja vyenye unyevu kidogo, si jeli nzima. Na mkasi uuhifadhi juu ya kabati.

Shikamoo Shangazi. Mjukuu wangu wa kiume ana mapunye, mabaka mawili ya mviringo yenye magamba, nywele zimekatika. Kinyozi amesema amnyoe upara ampake mafuta mazito yasionekane kwenye picha. Nakubali? — Bibi mlezi

Marahaba, mama. Usikubali bado. Mapunye ni kuvu, na kuvu hiyo imeingia ndani ya unywele na kwenye shina lake, mahali ambapo mafuta na marhamu ya kupaka peke yake hayafiki. Dawa inayoponya ni ya kumeza, huandikwa na daktari, na kwa kawaida humezwa kwa majuma 4 hadi 8, wakati mwingine zaidi, hata baada ya mabaka kuanza kufifia. Siku ya picha itapita kabla dozi haijaisha, na hilo lisikusumbue.

Kunyoa si dawa, wala si lazima. Kunyoa upara kutayaanika mabaka badala ya kuyaficha, na mashine iliyopita juu yake bila kusafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu itampelekea mtoto anayefuata kwenye kiti. Kama nywele zake tayari ni fupi, ziache zilivyo. Mabaka yakiwa kisogoni au nyuma ya sikio, kamera haitayaona kabisa. Yakiwa mbele, mwalimu au mpiga picha anaweza kuombwa kwa upole amgeuze mtoto kidogo. Kofia, taulo, kitana na mto wake viwe vyake peke yake, vitana na vibanio visafishwe vizuri, na watoto wengine wa nyumbani wakaguliwe vichwa hata kama hawajikuni.

Shangazi, naomba uamue ugomvi. Binti yangu ana miaka 11. Mimi nataka tumpake dawa ya kulainisha nywele ili picha hii ya kumaliza darasa iwe ya heshima. Yeye anataka aziachie nywele zake zilivyo, zimechanuliwa duara. Kanuni za shule zinaruhusu yote mawili. — Mama na binti yake

Kwenye dawa nasimama na binti. Dawa kali za kulainisha hutengenezwa kwa hidroksidi ya sodiamu, kemikali ileile inayotumika kuzibulia mabomba ya maji machafu. Hunyoosha nywele kwa kuvunja viungo vinavyozipa umbo lake, na ikikaa kichwani zaidi ya muda wake, au ikikuta mkwaruzo, huunguza ngozi. Zile zinazouzwa kama hazina kemikali hiyo zina nyingine ya kufanya kazi ileile, kwa hiyo picha ya mtoto kwenye boksi isikudanganye. Nywele zikishalainishwa hazirudi. Utangoja zilizo mpya ziote, na kwa mwendo niliomweleza mama aliyetangulia, hiyo ni miaka.

Mama naye asikilizwe, kwani sidhani anachokitaka hasa ni dawa. Anataka nywele zilizokaa mahali pake. Hilo hupatikana kwa uzi: siku moja kabla, nywele zikiwa na unyevu kidogo, zigawanywe mafungu kumi hivi na kila moja lizungushiwe uzi kutoka shinani hadi nchani bila kukaza shina, zikauke usiku. Asubuhi zitakuwa zimerefuka bila moto wala kemikali, na hapo zinaweza kuchanuliwa duara kama binti anavyotaka, au kukusanywa nyuma kama mama anavyotaka.

Sasa fanyeni hivi. Jumamosi mjaribu yote mawili, kila moja akiwa amevaa sare, akisimama kando ya dirisha lenye mwanga, na umpige picha kwa simu kutoka mbele, kifuani kwenda juu. Muulizeni mwalimu pazia la nyuma litakuwa la rangi gani, kwa sababu nywele nyeusi zilizochanuliwa mbele ya pazia jeusi humezwa zote na kumwacha mtoto na uso unaoelea. Likiwa jeusi, utepe mwembamba au kibanio cha rangi inayokubalika shuleni kitaonyesha nywele zinapoishia. Wekeni picha mbili kando kwa kando na mwacheni mwenye kichwa achague. Mama atachagua fremu.

Siku yenyewe mtilie kwenye mkoba chanuo lake mwenyewe lenye jina lake, umwambie asimwazime hata rafiki yake wa karibu. Kwenye foleni ya picha chanuo moja huzunguka darasa zima, na chawa, ambao hawawezi kuruka, hawahitaji usafiri mwingine.