Re: Hadithi ya kupotea sokoni haiwagusi watoto
Habari dada. Umesema hadithi yako ya binti aliyepotea soko la Kilombero inasomeka kama kumbukumbu za mtu mzima. Kagua kwanza sentensi zinazojua mwisho, mfano "baadaye nilielewa". Futa zote, maana ndizo zinazoua hofu. Kisha "nilihisi upweke": weka mwili badala yake, koo limekauka, kiganja kimebana sarafu ya mia mbili mpaka imeacha alama. Shusha na macho. Mtoto wa miaka 6 haoni soko, anaona magoti, ndala, mafungu ya nyanya. Tukio libadilishe upendavyo, hata mama awe shangazi, ila hofu ile ya utotoni usiipunguze. Msomee mtoto kwa sauti; anapoanza kuchezea kamba za viatu, hapo ndipo pa kukata.