Usipofika, nani atakuulizia?

Swali lenu la wiki limeuliza: "Ukiacha akiba ya fedha, mtu ajiandae na nini kabla ya kustaafu?" Mwaka 2019, siku niliyokabidhi funguo za kabati la dawa, ningelijibu kwa neno moja tu: usingizi. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, mkazi wa Tanga mjini. Miaka yangu mingi niliitumia wodi ya wazazi, na mtu aliyekesha na wenye uchungu tangu ujana wake, ukimtajia kustaafu haoni bustani wala safari, anaona godoro. Na nililala kweli. Nililala wiki tatu. Wiki ya nne nikagundua kwamba hata usingizi unaisha.

Fedha siidharau. Asiye na pensheni hahitaji kuhubiriwa utulivu wa moyo, na wengi katika nchi hii hawastaafu kabisa. Mama yangu alisuka ukili mpaka mwaka aliokufa, hakuna aliyemwandikia barua wala kumkatia keki. Mimi barua nilipata, na kabla yake tukaitwa semina ya wastaafu watarajiwa. Siku ya kwanza yote ilikwenda kwenye mkupuo, yaani zile fedha za mafao anazolipwa mstaafu kwa mara moja, ukumbi ukachemka, maana mifuko minne ya pensheni ilikuwa imeunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, na ile kanuni ya kumpa mstaafu asilimia 25 tu ya mafao yake kwa mkupuo ilikuwa ndiyo kwanza imesitishwa baada ya makelele mengi. Siku ya pili tukafundishwa kufuga kuku na kuwaogopa matapeli wanaopiga simu wakijifanya maofisa. Mafunzo mazuri, sibezi. Ila siku mbili zile hakuna aliyetuuliza: Jumatatu ya kwanza, ukishavaa, unakwenda wapi?

Jibu nilikuwa nalo mkononi bila kulijua. Miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa kliniki ya presha na sukari. Pale kwenye dirisha la wazee kulikuwa na wazee waliokuja kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Unamfunga mkanda wa mashine, inasoma 130 kwa 80, mzee hana neno. Wiki inayofuata yumo tena kwenye benchi, kanzu imepigwa pasi, kofia safi. Sisi manesi tulikuwa tukinong'onezana kwamba fulani anapenda hospitali. Kumbe alichopenda ni kuitwa jina lake kwa sauti mbele ya watu, na kuambiwa, "Mzee, mbona Jumatano hatukukuona?" Nje ya msikiti na nyumba yake, pengine hapakuwa na daftari jingine lenye jina lake, wala mtu mwingine wa kuuliza akikosekana.

Basi hilo ndilo jibu langu. Kabla hujastaafu, uwe na mahali ambapo usipofika, mtu atakuulizia. Pasiwe kazini, kwa sababu kazini watakuulizia mwezi mmoja, kisha kiti kitapata mwenyewe. Na pasiwe nyumbani peke yake, kwa sababu ambazo nitazieleza bila kuficha aibu zetu.

Mume wangu alinitangulia kustaafu kwa miaka mitano. Alikuwa karani wa stoo, mtu wa kuhesabu, kutia saini na kugonga muhuri. Siku ya kwanza aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yake, akaswali, akanywa chai, akapiga viatu kiwi, akavaa, akakaa sebuleni. Nikaenda zamu ya asubuhi nikamwacha kwenye kochi. Niliporudi saa tisa nilimkuta kwenye kochi lile lile, viatu bado miguuni.

Mwezi wa pili akaingia jikoni. Si kupika, la. Kukagua. Kwa nini vitunguu vinanunuliwa kila siku badala ya mara moja kwa wiki? Kwa nini binti wa kazi anawasha moto mkubwa kuchemsha maji kidogo? Akanunua daftari, akalifunga kwa kamba karibu na mtungi wa gesi: tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, jumla ya siku. Stoo yake ilikuwa imerudi, na watumishi wake sasa ni mimi na yule binti. Watu husema wazee hugombana kwa sababu ya fedha. Sisi tuligombana kwa sababu ya nani anakaa chini ya feni saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimetoka zamu ya usiku nataka kujinyoosha sebuleni, yeye akiwa pale na redio yake. Ndoa iliyovuka ukata na misiba nusura ishindwe na feni moja.

Aliyemtoa humo si mimi wala watoto. Ni pancha. Tanga ni mji wa baiskeli, na yake ni Phoenix ya zamani. Alikwenda kuziba kwa kijana mmoja chini ya mwarobaini huku kwetu Ngamiani, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akisubiri. Kesho yake akarudi, baiskeli ikiwa nzima. Wiki ile ile akaanza kuangalia rimu inavyozunguka wakati kijana anakaza spoki, na kumwambia, "Kushoto bado inagusa." Jicho la karani linaona kitu kilichopinda upana wa unywele. Baada ya miezi wakamwachia msasa na solusheni: yeye anakwangua tyubu, anapaka, anapuliza mpaka ikauke, anabandika kiraka. Mtu wa miaka 61, aliyekuwa na wasaidizi chini yake, anatumwa dukani kununua vali na kijana anayemzidi wajukuu zetu miaka michache tu. Na anakwenda.

Kutumwa huko, naamini, ndiko kulikomponya. Wengi waliokuwa na vyeo wakistaafu hutafuta pa kuwa wenyeviti: kamati ya msikiti, kamati ya shule, umoja wa wastaafu. Sina ugomvi na kamati, ila nimeona watu wakihamisha ofisi tu, na fitina za ofisi wakazihamisha nazo. Ukiweza, tafuta mahali unapoingia mwanagenzi. Hakuna anayekuonea wivu, hakuna anayekungoja ukosee, na kila wiki unajua kitu ambacho wiki iliyopita hukukijua.

Siku moja homa ikamlaza. Kesho yake, kwenye saa nne, tukasikia hodi. Kijana wa baiskeli, mikono myeusi kwa grisi ameiweka mbali na mlango.

"Shikamoo mama. Mzee yupo? Jana hakuja, na leo tumeona kimya."

Nilimkaribisha ndani akakataa kwa ajili ya mikono yake, wakasalimiana kupitia dirishani. Mume wangu hakusema chochote baada ya hapo. Jioni akaomba uji, akamaliza bakuli.

Mimi shida yangu ilikuwa kinyume. Yeye alistaafu akakosa wa kuzidai siku zake. Mimi zangu zilidaiwa zote kabla sijazihesabu. Mwanamke akistaafu, ukoo mzima unapata habari kwamba sasa kuna mtu. "Si bibi yupo nyumbani?" Sentensi hiyo ililea wajukuu wanne kwa mpigo, ikasimamia mafundi kwenye nyumba ya mdogo wangu, ikalala hospitalini na mgonjwa wa jirani kwa sababu "wewe unajua mambo ya huko". Wajukuu nawapenda, na mmoja wao ndiye anayenichapia barua hii. Lakini wodini tulikuwa na kukabidhi zamu. Saa ikifika unasoma ripoti, unampa mwenzako funguo, unaondoka. Nyumbani hakuna anayekuja kupokea zamu.

Ilinichukua mwaka mzima kutamka: Jumanne na Alhamisi bibi hayupo. Hayupo hata kama mmemwona ameketi. Mkwe wangu mmoja alinuna. Mwingine akauliza kwa upole, "Kwani unakwenda wapi, mama?" Hapo nikaona kosa langu, maana sikuwa na pa kwenda. Nilidai siku kabla ya kutafuta mahali. Jumanne ile ya kwanza nilizunguka sokoni mpaka jua likanichosha, nikarudi na bilinganya nisizozihitaji.

Sasa Jumanne ni darasa la Kurani la akina mama. Utotoni nilisoma chuoni nikaishia juzuu chache, shule na kazi vikanichukua. Mwalimu wetu ni rika la binti yangu wa mwisho na hana mzaha. Nimekaa miezi miwili kwenye herufi moja. "Hapana bibi, hiyo umetoa kha. Ha inapumuliwa kutoka katikati ya koo, usiikwaruze." Mimi, niliyewasimamia wanawake wasio na idadi nikiwaambia pumua, pumua mama, sasa nafundishwa kupumua. Tuko kumi na mmoja. Nikikosa, simu inaita kabla darasa halijafungwa. Alhamisi napanda daladala kwenda Pongwe kwa dada yangu. Huko hatufanyi la maana. Tunachambua mchicha na kusema watu.

Kuna jambo jingine ambalo semina yetu ililigusa upande wa saruji tu, nalo ni nyumba ya kijijini. Mwenzetu mmoja wa kazini alijenga kwao, upande wa Muheza, kwa miaka kumi na miwili, mshahara kwa mshahara. Bati la rangi, tangi la maji, michungwa imeizunguka nyumba. Alipohamia nilikwenda kumtembelea. Barazani kulikuwa na viti sita vipya, vitano bado vina nailoni. Akaniambia watu wa kule wana roho mbaya. Nilikaa siku mbili sikuiona hiyo roho mbaya. Nilichokiona ni kwamba miaka ile yote, kukitokea msiba alituma rambirambi kwa simu, harusi hivyo hivyo, na kiasi alichotuma hakikuwa kidogo. Ila waliochimba makaburi hawakuwahi kumwona na jembe, na waliolala matanga hawakuwahi kulala naye ukumbini. Alipofika walimwamkia kwa adabu zote, wakapita. Wangekaa waongee naye nini?

Kwa hiyo mwenye miaka 50 na kiwanja kwao, nauli ya kwenda kuzika iingie kwenye hesabu pamoja na nondo. Nenda, lala matanga, ujue mtoto huyu wa nani na yule alioa wapi. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na ukiianza una miaka 60, itakukuta 70.

Na mtu afanye majaribio. Likizo ya mwaka ni siku 28, nasi huimaliza kwa kujenga, kuuguza na kupeleka watoto shule. Ukifika 55, umri ambao mtumishi anaruhusiwa kuondoka kwa hiari, chukua likizo moja usisafiri wala usijenge. Kaa nyumbani kama mstaafu. Ukifika siku ya kumi utakuwa umejua kinachokuuma, na mwenzako atakuwa amejua vizuri zaidi yako. Bado una miaka mitano kabla ya 60 ya lazima. Jambo la kuzungumza na mwenzako kwenye likizo hiyo ni saa, si shilingi: nani atakuwa wapi asubuhi, nani anataka kimya, nani hataki kuulizwa anakwenda wapi. Sisi hatukuzungumza, ndiyo maana nina habari za feni za kuwasimulia.

Upande wa mwili nitasema moja tu, kama nesi. Pima macho na masikio ukiwa bado kazini. Wote mnaogopa sukari, na mna haki, lakini nimeona wazee wakijitoa barazani kidogo kidogo kwa sababu hawasikii vizuri na wanaona haya kusema "eh?" mara tatu. Nyumbani wanasema mzee siku hizi amekuwa mpole. Masikio yake hayajawahi kukaguliwa.

Najua mtaniuliza daftari la gesi liliishia wapi. Lipo, kamba ni ile ile, ila daftari ni la tatu. Mwezi uliopita alirudi kutoka kwa mafundi wake akakuta nimebadilisha mtungi bila kuandika, akanuna mpaka magharibi. Sasa naandika mwenyewe. Mtungi uliopita, wa kilo 15, ulikaa siku 47. Ameupigia mistari miwili chini, kwa kalamu nyekundu.

Muuguzi mstaafu, Tanga