Calibre: folda ambayo mkono wako usiiguse

Fungua laptopu ya mwanafunzi anayepanga Ng'ong'ona, Dodoma, au ya mtumishi aliyehamia Mtumba, kwenye mji wa serikali, utakuta folda ya Downloads imefurika PDF zenye majina ya namba tupu, nyingi zikiwa zimetoka kwenye magrupu ya Telegram. Vitabu vipo, ila siku ya kuvihitaji havipatikani.

Dawa yake ni Calibre, programu ya bure ya kupanga vitabu vya kielektroniki, iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006. Inakubali Windows, Mac na Linux. Kuisakinisha hakuna shida. Shida huanzia pale mtu asipoelewa tabia yake moja.

Ukibonyeza herufi A na kuchagua faili, Calibre inatoa nakala na kuiweka kwenye maktaba yake: folda ya mwandishi, ndani yake folda ya kitabu yenye namba mwishoni. Orodha nzima inakaa kwenye faili moja, metadata.db. Sasa mtu anaingia humo kwa File Explorer, anabadilisha jina la faili au anahamisha folda ili ipendeze macho, na orodha inabaki ikielekeza mahali patupu. Jina libadilishe kwa E ukiwa ndani ya programu, folda itajirekebisha yenyewe. Rafiki akiomba kitabu, S inakutolea nakala pembeni. Na kwa kuwa kila kitabu kimenakiliwa, diski inabeba mara mbili mpaka ufute zile za Downloads. Hakikisha kwanza kitabu kinafunguka.

Kwenye majina, usiwe na haraka. "J. Hassan" na "Hassan J." kwa Calibre ni watu wawili, wenye folda mbili. Ctrl+D inatafuta taarifa na jalada mtandaoni. Vitabu vya Kiingereza kwa kawaida hupata, vya Kiswahili mara nyingi huambulia patupu au, mbaya zaidi, huletewa taarifa za kitabu kingine. Hivyo usikubali majibu yote kwa mkupuo. Chukua vitabu 20, kagua, endelea. Kilichokosa, jaza mwenyewe kutoka ukurasa wa haki za uchapishaji. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, inayoanza na 978-9976 au 978-9987 ni ya Tanzania.

PDF iliyopigwa skana usihangaike kuigeuza kuwa EPUB, aina ya faili la kitabu ambalo maandishi yake hujipanga kulingana na kioo: zile ni picha za kurasa, hakuna maandishi ya kugeuza. Hata PDF yenye maandishi huleta namba za kurasa katikati ya sentensi, na majedwali husambaratika. Isome ilivyo, simu ukiilaza.

Raha ya Calibre ni kusoma kwenye simu bila kuchoma bando. Washa hotispoti ya simu, zima data, unga laptopu. Kwenye Calibre bofya Connect/share, anzisha seva, kisha andika kwenye kivinjari cha simu anwani inayoonyeshwa, ile inayoishia na :8080. Simu ikizunguka tu bila kufungua, mara nyingi ngome ya Windows (firewall) ndiyo inayozuia: hotispoti imehesabiwa kuwa mtandao wa umma, nawe uliiruhusu Calibre kwenye mitandao binafsi pekee.

Laptopu isiyo na betri, umeme ukikatika Calibre ikiwa inaandika, metadata.db inaweza kuharibika. Usikimbilie kusakinisha upya. Ndani ya folda ya kila kitabu kuna faili dogo, metadata.opf, lenye taarifa zake, na sehemu ya matengenezo ya maktaba ina amri ya kujenga orodha upya kutokana na hayo. Nakala ya akiba nakili folda nzima kwenye diski ya nje, Calibre ikiwa imefungwa. Maktaba yenyewe usiiweke kwenye folda inayojisawazisha na Google Drive, kwa sababu Drive inaweza kulibeba faili la orodha likiwa limeandikwa nusu.