Mama alikoroma baada ya upasuaji: je, alikuwa amelala?

SWALI: Daktari, nakusalimu. Mwezi uliopita mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi kwa dawa ya usingizi. Alikaa saa nzima katika chumba cha kuzindukia, huku akitetemeka na muuguzi akimwita jina kila mara badala ya kumwacha apumzike. Maji tuliyomletea yalikataliwa. Baadaye wodini alianza kukoroma, nasi tukashukuru kwamba amepata usingizi, lakini muuguzi akaja mbio, akamwinua kidevu na kumlaza ubavu. Kwa nini asumbuliwe hivyo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuuguza. Muuguzi huyo alistahili kwenda mbio. Mabaki ya dawa ya usingizi, yakichanganyika na dawa kali za maumivu, hulegeza misuli ya koo, ulimi ukarudi nyuma na kuziba sehemu ya njia ya hewa. Mkoromo mliousikia ni hewa inayojipenyeza mahali palipobana. Kinachotutisha zaidi ni mkoromo unapokatika ghafla, kwa sababu njia ikizibwa kabisa kifua huweza kuendelea kujivuta bila hewa kuingia, na ndugu aliye kando akadhani mgonjwa sasa ametulia. Ndiyo maana muuguzi hatosheki kutazama kifua, bali huweka kiganja karibu na pua ahisi pumzi.

Kumwita jina nako ni kipimo. Tangu mwaka 1970 hospitali nyingi duniani hutumia alama za Aldrete, ambazo hupima mambo matano: kusogeza viungo, kupumua, presha, fahamu na rangi ya ngozi, kila moja likipewa alama 0 hadi 2, na kwa kawaida mgonjwa hupelekwa wodini akifikisha 9. Siku hizi badala ya rangi ya ngozi husomwa kiwango cha oksijeni kwa kibanio cha kidoleni, na hapo akina mama wanaokwenda kupasuliwa na piko au rangi ya kucha hutupa shida, kwa kuwa zinaweza kupotosha kipimo.

Kutetemeka hutokana mara nyingi na dawa kuvuruga uwezo wa mwili kutunza joto, tena katika chumba chenye baridi. Ndugu hukimbilia kusema ni malaria, lakini mgonjwa huhitaji kwanza blanketi na kupimwa joto. Maji yalikataliwa kwa sababu mtu ambaye hajazinduka sawasawa hakohoi ipasavyo, hivyo maji au matapishi huweza kuingia mapafuni.

Ukiuguza tena, muulize muuguzi ni lini mgonjwa aruhusiwe kunywa, tazama kama bendeji inalowa damu, na ukisikia mkoromo mwinue kidevu taratibu huku ukimwita muuguzi, hata kama ni saa nane za usiku na unaona haya kumsumbua.