Fundi wa mashua bila cheti afanyeje?

SWALI: Asalam aleikum mhariri, mi ni fundi wa mashua hapa Matondoni, kazi nimefunzwa na marehemu baba. Siku hizi watu wataka boti za faiba, na nikiomba kazi bandarini naulizwa cheti. Serikali yanisaidiaje?
Fundi, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam fundi wangu. Kuna mpango wa kutambua ujuzi wa mtu alioupata kazini, wenyewe wauita RPL, sera yake ilizinduliwa 2024, na hapo hurudishwi darasani ila mpimaji anakutizama ukipiga randa ukitia kalafati (kuziba nyufa za mbao), anakuuliza kwa nini umefanya hivi, ukifaulu wapewa cheti. Anza kukusanya picha za mashua ulizounda na barua za wateja, huo ndo ushahidi wako. NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, nao wana mitihani ya ufundi, gredi 3 hadi 1, waulize mtihani wa useremala.

Ila cheti hakitakufunza faiba, hiyo ulizia kozi fupi chuo cha ufundi. Na serikali, tafadhali, leteni wapimaji visiwani, fundi akipanda boti kwenda bara ashapoteza kibarua cha siku.