Mteja Wako Haogopi Bei, Anaogopa Kupigwa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbeya anayeuza mchele aliniandikia: "Dada shikamoo. Naposti kila siku, watu wanalaiki, wanauliza ngapi, nikishawajibu wanapotea. Nifanyeje?" Nikaingia kwenye ukurasa wake. Picha nzuri mno, mchele unang'aa, maandishi ya rangi ya dhahabu, na chini ya kila picha maneno yaleyale: mchele safi namba moja wa Kyela, bei njoo inboksi.

Yeye nimeshamjibu kwa kifupi. Ila swali lake mnaniuliza wengi, wauza madera, wauza keki, wauza sabuni za maji, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu. Najua mnachokitaka kwa sababu ndicho nilichokitaka mimi: biashara itoke mezani iingie dukani, na siku moja mtu aitaje kwa jina hata kama wewe hupo.

Mteja wako hela anayo. Nia anayo pia, ndiyo maana kauliza. Kinachomfunga mkono ni hofu ya kupigwa. Huyo mtu alishanunua asali, kufika nyumbani akakuta ni sukari iliyochemshwa. Aliagiza gauni mtandaoni, likaja la kitambaa cha pazia. Ndugu yake aliuziwa simu njiani, kufungua boksi akakuta kipande cha sabuni. Anapofika kwako anakuja na hayo yote kichwani, halafu wewe unamwambia mali yako ni nzuri. Kwani yule wa asali alimwambia yake ni mbaya?

Mimi nauza viungo: vya pilau, vya chai, pilipili manga, iliki, karafuu. Nilianza na meza Tandika, mzigo mwingi ukitoka Muheza na karafuu ikitoka Pemba. Siku za mwanzo nilichukua pakiti zangu nikaenda kwa mwenye duka kubwa la jumla. Hakufungua hata moja. Aliigeuza mara moja mkononi, akaniambia mbele ya vijana wake, "Hizi dada peleka gengeni." Vijana wakacheka. Nilitoka pale nimeyabana machozi, na simtaji jina, lakini kauli ile ninayo mpaka leo.

Basi nikapeleka gengeni kweli. Na huko gengeni ndiko nilikofundishwa biashara.

Kuna mama lishe mmoja, mama mtu mzima, ambaye wenzake wote pale walikuwa wanamwangalia yeye kwanza kabla ya kununua chochote. Alichukua karafuu moja kwenye kopo langu, akaibinya kwa ukucha aone kama inatoa mafuta. Ikatoa. Hakusema kitu. Akachota pilipili manga, akazimwaga kwenye kiganja, akaziviringisha kwa kidole gumba, kisha akaniangalia usoni: "Hii haina mapapai?"

Kwa asiyejua, mbegu za papai zikikaushwa zinasinyaa zikafanana sana na pilipili manga, na wapo wanaozichanganya ili kilo iongezeke. Ningeweza kumwapia. Nikaona kiapo hakitanifikisha popote, nikamwomba glasi ya maji. Nikachota pilipili zangu kiganja kizima nikazimwaga humo. Mbegu za papai kavu nyingi huelea, pilipili manga iliyokomaa huzama. Zikazama, zikabaki mbili tatu nyepesi zinazunguka juu. Yule mama aliinama akaangalia glasi mpaka maji yakatulia. Akasema, "Nipimie robo." Jirani yake aliyekuwa anakata vitunguu akafuta mikono kwenye kanga, akaja na yeye kuangalia.

Tangu siku hiyo glasi ya maji haijaondoka mezani kwangu. Sijawahi kulipia tangazo lililoniletea wateja kama ile glasi. Na kulipia nililipia: jamaa mmoja wa matangazo alinitengenezea bango lenye picha ya familia ya Kizungu inakula pilau, akachukua hela yangu, hakuna aliyewahi kuniambia amekuja kwa sababu ya bango lile.

Baadaye sana ndipo nilipokutana na maelezo ya wataalamu kuhusu kile nilichokiona gengeni. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili kutoka Israeli, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walionyesha kwamba uchungu wa kupoteza unamzidi binadamu nguvu kuliko furaha ya kupata kiasi hichohicho. Makadirio yao ya baadaye yaliuweka uchungu huo zaidi kidogo ya mara mbili. Kahneman alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2002, Tversky akiwa ameshafariki. Tafsiri yake kwako muuza keki ni hii: mteja akiitazama elfu 40 yake, utamu wa keki unavuta upande mmoja na hofu ya kuipoteza hela inavuta upande wa pili, na hofu ina nguvu mara mbili. Wewe unaongeza sifa za keki. Punguza hofu kwanza.

Mimi nilianza kuipunguza kwa pakiti ya jero. Mwenye kipato cha kila siku hawezi kutupa elfu tano kujaribu viungo vya mtu asiyemjua, lakini mia tano anaweza, na ikiwa mbaya amesikitika kidogo tu maisha yakaendelea. Angalia tunavyoishi: mafuta ya kupima kwa Mangi, sukari robo, LUKU ya buku mbili. Watu husema ni umaskini, na umaskini upo, lakini kuna akili pia. Anayenunua kidogo akipigwa anapigwa kidogo. Pakiti yangu ya jero, nikitoa mfuko na lebo, haina faida ya kusimulia. Siihesabu kama bidhaa, naihesabu kama tangazo ambalo mteja ananichangia gharama zake. Akishapikia mara moja, harudi kununua ya jero, anakuja kwa robo kilo.

Sasa hiyo "bei njoo inboksi". Hapa naomba nisikilizwe vizuri, maana ndipo wengi mnapojiua.

Kahneman na Tversky waliwahi kuandika, mwaka 1974, kuhusu jaribio la gurudumu la namba lililotegeshwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65 tu. Lilipozungushwa, watu waliulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioangukiwa na 10 makisio yao ya kati yalikuwa 25. Walioangukiwa na 65 yalikuwa 45. Namba ya kwanza mtu anayoiona inamshika, hata kama haihusiani na jambo lenyewe. Kariakoo wanalijua hili bila kulisoma popote: gauni linatajwa 45,000 ili ukiondoka nalo kwa 25,000 ujione umeshinda. Linauza, sikatai. Lakini miaka na miaka ya kuuziana hivyo imemfundisha mteja jambo moja, kwamba bei ya kwanza ni mtego na kila mtu anapangiwa ya kwake. Ukimwambia aje inboksi, anachosikia ni kwamba unataka kwanza umtazame picha yake, uone kama ana gari, ndipo umtajie. Ndiyo maana ukishamjibu anapotea. Hakupotea kwa sababu ya bei, alishajihami kabla hujaitaja.

Andika bei. Iandike kwenye picha yenyewe, kwa maandishi makubwa. Washindani wako wataiona? Waione. Wanaijua tayari.

Na yule kijana wangu wa mchele nilimwambia zaidi ya hapo. Mtu wa Dar akisikia Kyela hana shida na sifa za Kyela, anazijua, anaupenda huo wali. Anachowaza ni mchele uliochanganywa, juu ya gunia Kyela na chini kitu kingine. Kwa hiyo ile picha ya kung'aa haimsaidii. Rekodi video mashineni mchele ukitoka, mimina gunia lote kwenye turubai watu waone mpaka wa chini, lishone mbele ya kamera. Uza kilo tano kwanza kabla ya gunia. Tia gharama ya usafiri ndani ya bei ili asije akaambiwa "na nauli" dakika ya mwisho, maana hapo hata aliyekuamini anaanza kuhesabu upya.

Kuhusu kupanga vitu vingi mezani nitasema machache. Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha mwaka 2000 jaribio la dukani huko California: meza yenye jamu aina 24 ilivuta watazamaji wengi, walionunua wakawa karibu asilimia 3 ya waliosimama, meza yenye aina 6 walinunua karibu asilimia 30. Wengine waliorudia majaribio ya namna hiyo hawakupata tofauti kubwa kila mara, kwa hiyo usilichukue kama amri. Kwangu nilibakisha mbele viungo vya pilau na vya chai, vingine vikakaa nyuma kwa anayeviulizia. Maswali ya "kipi kizuri?" yalipungua, na mauzo hayakushuka.

Lililonibadilishia biashara kabisa ni kurudisha hela. Maduka yetu mengi yameandika kwenye risiti "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Hebu yasome maneno hayo kama mteja: ukishapigwa, shauri yako. Tunayaandika kwa hasira ya wateja wachache wasumbufu, tunawatisha wote. Mimi kwenye kila pakiti nimeandika: ikikosa harufu, rudisha hata kama umeifungua. Ndugu zangu waliniambia nitafilisika. Wanaorudisha ni wachache sana, na kila anayerudisha nampa hela yake palepale, mbele ya wateja wengine, bila kununa. Aliyesimama pembeni akiona hivyo huwa ananunua. Nimeliona hilo mara nyingi mno kulibishia.

Na hapa nitasema wazi hata kama litawaudhi baadhi yenu. Hii elimu ya akili ya mteja ikishafika mkononi mwa mtu mwenye tamaa inakuwa silaha. Nawaona. "Zimebaki mbili tu" imekaa tangu Iddi iliyopita. Bei iliyokatwa ambayo haijawahi kutozwa na mtu. Ushuhuda wa wateja ulioandikwa na mwenye duka, makosa ya herufi yaleyale kwenye kila ujumbe. Kudanganya wanunuzi kumekatazwa kwenye Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, lakini hata usipoogopa sheria, muogope Mungu, na ujue unatuharibia sisi sote. Kila mteja unayempiga leo, kesho anakuja kwangu na kwa mwenzangu akiwa na hofu zaidi, na sisi ndio tunaolazimika kumbembeleza kwa glasi za maji.

Ramadhani iliyopita lile duka la jumla lilituma kijana kuulizia mzigo wangu. Alikuwa mmoja wa wale waliocheka. Nilimuuzia kwa bei ya jumla ninayomuuzia mtu mwingine yeyote, nikampimia mbele yake. Nilifurahi sana siku ile na sioni sababu ya kuficha.

Jambo la mwisho nililotaka kuwaambia ni mizani. Ninyi mnaouza kwa kupima, nunueni mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, muigeuze uso wake umwelekee mteja. Wengi mnaielekeza kwenu, mteja anabaki kusubiri mumtajie. Mwacheni asome mwenyewe, na ikipita kidogo, msichote kurudisha.