Aliyesubiri Mpaka Mume Alale

Swali la wiki: je, mwanamke anayemuua mume aliyemtesa miaka mingi ahukumiwe kama muuaji mwingine yeyote?

Hapana. Sisemi kwamba mume katili anastahili kuuawa. Kinachonisumbua ni kipimo cha sheria. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza, kosa la mauaji ya kukusudia hupunguzwa likawa kuua bila kukusudia ikiwa mtu alighadhibishwa akapiga papo hapo, kabla hasira hazijapoa. Kipimo hicho kinawafaa wanaume wawili wanaogombana kilabuni. Mwanamke aliyezidiwa nguvu akijibu papo hapo, huenda atakayekufa ni yeye. Basi husubiri mume alale, au ageuke. Kortini kusubiri huko huitwa kupanga.

Ndiyo yaliyomkuta Kiranjit Ahluwalia, Uingereza. Alikuwa amevumilia kipigo miaka kumi. Usiku mmoja wa Mei 1989 mume alimtishia kwa pasi ya moto. Alipolala, mke alimmwagia petroli akamwasha. Desemba akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu, na hoja iliyomwokoa ilikuwa sonona iliyodhoofisha akili yake. Yaani ili atoke, sharti kwanza aonekane mgonjwa!

Kanada walifika mbali zaidi. Mwanamke aitwaye Lavallee alimpiga risasi ya kisogoni mwenzi wake alipokuwa akitoka chumbani, baada ya mwanamume huyo kumtishia: usiponiua, nitakuua wageni wakishaondoka. Mwaka 1990 Jaji Bertha Wilson wa Mahakama ya Juu alikubali ushahidi wa mtaalamu kuhusu wanawake wanaopigwa, na akaeleza kuwa kumtaka asubiri mpaka kipigo kianze ni kumhukumu auawe kwa awamu. Sijaona hoja nyingine inayoishinda hiyo.

"Mbona hakuondoka?" Wanaouliza hivyo, wengi wao watu wema, husahau kwamba saa ya kuondoka ndiyo ya hatari kuliko zote. Wapo wanaume wanaoua hasa kwa sababu wameachwa.

Ufaransa, Jacqueline Sauvage alimpiga mumewe risasi tatu mgongoni mwaka 2012, baada ya ndoa ya miaka 47. Alifungwa miaka 10, kisha Rais Hollande akamsamehe mwaka 2016. Wengi walishangilia, mimi nilishangilia nusu. Msamaha wa namna hiyo hufuata kelele za umma, na mfungwa asiye na wa kumpigia kelele hubaki ndani.

Uingereza kwenyewe, tangu Oktoba 2010 sheria haidai tena ghadhabu iwe ya ghafla, ila bado inamnyima utetezi huo aliyeua kwa kisasi alichokitafakari. Hapo ndipo mwendesha mashtaka atakaposimamia. Kwa hiyo, kabla ya kuulizwa alisubiri dakika ngapi, ningetaka korti isikie alikwenda polisi mara ngapi, hospitali mara ngapi, kwa wazazi wake mara ngapi, na kote huko alijibiwa nini.